Ukuta wa Meza ya Sita

Mwaka wa 1958 Mark Rothko alipewa kazi ambayo mchoraji yeyote wa Nairobi leo angeikubali kabla aliyempigia simu hajamaliza salamu. Jengo la kampuni ya pombe ya Seagram lilikuwa limesimama Park Avenue, New York, jipya kabisa, shaba na vioo toka chini hadi juu, na ndani yake kulikuwa kukitengenezwa mkahawa wa kifahari ulioitwa Four Seasons. Walitaka michoro ya kuzunguka kuta za chumba kimoja cha kulia. Malipo yalikuwa takriban dola 35,000 za wakati ule. Rothko akakodi ukumbi wa zamani wa mazoezi mtaa wa Bowery, akasimamisha miundo ya mbao yenye vipimo vya chumba chenyewe, akaanza. Alichora turubai karibu 30, kubwakubwa, za rangi ya damu ya mzee, nyeusi, na wekundu wa kaa linalokaribia kuzima. Halafu jioni moja ya 1959 akaenda na mke wake kula pale. Aliporudi akapiga simu kusema kazi hiyo haiendelei, na pesa akarudisha.

Hadithi hii inapendwa kupita kiasi. Imetungiwa tamthilia, Red ya John Logan, iliyoanza kuchezwa London 2009 na mwaka uliofuata ikazoa tuzo New York. Kila msee ambaye amewahi kubishana kuhusu sanaa usiku wa manane anayo mfukoni. Na inasimuliwa namna moja tu: msanii mwenye msimamo amewarushia mabepari doo zao usoni. Makofi, taa zizimwe.

Mimi naipenda pia, ila nadhani watu wanaangalia upande usiofaa. Wote wanamtazama Rothko anavyotoka mlangoni. Hakuna anayebaki ndani kukitazama chumba. Na chumba ndicho kilichomshinda.

Tuanze na alichotaka. Katikati ya 1959, akiwa kwenye meli kuelekea Ulaya, Rothko alimwambia mhariri wa jarida aitwaye John Fischer kwamba kazi hiyo aliichukua kwa nia mbaya. Alitaka kuchora kitu cha kumharibia hamu ya kula kila tajiri atakayeketi mle. (Fischer aliyachapisha mazungumzo hayo 1970, Rothko akiwa keshafariki, na matusi yaliyokuwemo mimi nayaacha.) Alimweleza pia kuhusu chumba cha ngazi cha maktaba ya Medici, Florence, ambacho Michelangelo alikipa madirisha yaliyozibwa, madirisha ya bure, hivi kwamba anayeingia anajihisi amefungiwa na kuta zinamsogelea. Hicho ndicho Rothko alichotaka kwa walaji wa Four Seasons. Wakae mbele ya nyama yao ya bei mbaya wakihisi hakuna pa kutokea.

Ni wazo zuri. Ni wazo la mtu ambaye hajawahi kuhudumia meza.

Kwa sababu ili picha ikuharibie hamu, kwanza lazima uiangalie. Na mtu aliyevaa suti ya chakula cha mchana hapo Park Avenue hakuja kuangalia ukuta. Amekuja kuonekana. Four Seasons ilipata umaarufu kwa hilo hasa: mwaka wa 1979 jarida la Esquire liliandika kuhusu wakubwa wa biashara na wachapishaji wanaokutana kwenye chumba chake cha Grill, na makala hiyo ndiyo iliyoeneza jina la ule mlo wa mchana ambao wenye nguvu hukutana kuoneshana nguvu. Nani ameketi wapi, nani amesogezwa karibu na jikoni, nani ameingia na nani. Hiyo ndiyo picha iliyokuwa ikiangaliwa mle ndani. Kitu kingine chochote, hata kiwe kimechorwa kwa damu, kinageuka kuwa mgongo wa kiti.

Baada ya ule mlo wake, inasemekana Rothko aliwaambia waliokuwa karibu naye kwamba mtu anayekubali kula chakula kile kwa bei ile hataangalia kamwe mchoro wake. Watu wanayachukua maneno haya kama hasira. Mimi nayachukua kama uhakiki wa ubunifu wa ndani, na ni uhakiki wa kweli. Aliketi, akasoma chumba, akaona kwamba kina nguvu kumliko.

Na kusema ukweli, kilikuwa chumba kikali. Jengo ni la Ludwig Mies van der Rohe, mkahawa ulibuniwa na Philip Johnson. Sehemu ya Grill ilikuwa na kuta za mbao ya mjozi wa Kifaransa. Chumba cha pili, cha Pool, kilikuwa na bwawa la marumaru nyeupe katikati, mraba wa futi 20 kila upande, maji yakichemka polepole pasipo moto. Miti ya ndani ilibadilishwa kufuata majira ya mwaka, na menyu pia. Hata vyombo vya mezani vilibuniwa upya na mke na mume, Ada Louise na Garth Huxtable, na baadhi vikaishia kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya jiji hilohilo. Soma hilo tena: sahani na vikombe vilifika makumbusho. Vya Rothko vilikuwa bado vimeviringishwa.

Lakini kilichonifanya niandike makala hii ni pazia. Madirisha ya pale yalikuwa marefu mno, na mbunifu wa vitambaa, Marie Nichols, akayaninginizia minyororo myembamba ya metali, safu juu ya safu, kama shanga shingoni mwa bibi harusi. Hewa ya mfumo wa kupoza chumba ilikuwa ikipanda kutoka chini ya dirisha, na minyororo ikawa inatetemeka, wimbi baada ya wimbi, kwenda juu, mchana kutwa. Nimetazama video zake mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Pazia hilo halikuambii unyamaze. Halikudai chochote. Unazungumza, unakata nyama, na pembeni mwa jicho kuna kitu kinapumua. Juu ya baa nako Richard Lippold alikuwa amening'iniza mamia ya fito za shaba, mvua iliyogandishwa kabla haijafika kwenye glasi yako.

Kuna wasanii na wahakiki wetu ambao neno "pambo" kwao ni tusi. Ukitaka kumuua mchoraji mwambie kazi yake ni mapambo. Sielewi. Nichols na Lippold walielewa kitu ambacho Rothko, kwa kipaji chake chote, hakukielewa hadi alipoletewa bili: kwamba watu wanapokula, macho yao ni ya wengine, mikono yao ina kazi, na masikio yao yako nusu. Sanaa ya chumba cha kulia inafanya kazi na mabaki ya umakini. Anayejua kupika anajua mabaki si takataka.

Kulikuwa na Picasso pia, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Kwenye ujia uliounganisha vyumba viwili palining'inizwa Le Tricorne, sehemu ya pazia la jukwaa ambalo Picasso alilichorea kundi la dansi la Ballets Russes mwaka wa 1919. Karibu futi 20 kwa 20. Phyllis Lambert, binti wa mwenye Seagram, ndiye aliyelinunua. Ndiye pia aliyemshawishi baba yake ampe Mies kazi ya jengo. Picha inaonyesha watazamaji kwenye uwanja wa mapigano ya fahali. Pigano limeisha, fahali anaburutwa nje, na wao wamekaa, wamependeza, wanapiga gumzo. Sasa hebu fikiria: pazia la tamthilia, lenye picha ya watu waliokuja kuonekana, limewekwa kwenye ujia wanaopita watu waliokuja kuonekana. Sijui kama Picasso angecheka. Mimi nilicheka. Kwa ukali wa kejeli, naona inampita Rothko na kuta zake zote za gereza.

Lilikaa pale miaka 55. Halafu 2014 mwenye jengo wa wakati huo akasema ukuta wa nyuma yake unahitaji ukarabati, lazima liondoke. Watetezi wa urithi wa jiji wakaenda kortini. Shida ilikuwa hii: mambo ya ndani ya mkahawa huo yalikuwa yamelindwa kisheria tangu 1989, mbao, bwawa, hata yale mapazia ya minyororo. Picasso haikulindwa, kwa kuwa mwenye picha na mwenye ukuta walikuwa watu wawili tofauti. Mwishowe pande zote zikaelewana, na Septemba 2014 pazia likaviringishwa taratibu kwenye mche mkubwa, likapelekwa makumbusho ya historia ya New York. Miaka miwili baadaye mkahawa wenyewe ukafunga, na viti, sufuria na vijiko vikapigwa mnada.

Naikumbuka sana hiyo sentensi: mwenye picha na mwenye ukuta ni watu wawili tofauti. Kwa sababu Nairobi nayo inaishi humo.

Kabla sijafika Nairobi nipite London haraka. Kuna mkahawa huko unaitwa Sketch, na chumba chake kimoja kinabadilishwa na msanii mpya kila baada ya miaka kadhaa. Mwaka wa 2014 mbunifu India Mahdavi alikipaka waridi kila mahali, na David Shrigley akakijaza michoro yake ya utani, 239 kwa idadi, pamoja na sahani na vikombe vyenye maneno yake. Ulimwengu mzima ukakipiga picha. Mwaka wa 2022 waridi ikaondoka, njano ikaingia, na kuta zikapewa Yinka Shonibare, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, na barakoa zake za Kiafrika. Sina ugomvi na Shonibare. Ni mtu anayejua fika utani anaoufanya anapotundika barakoa juu ya watu wanaokunywa chai ya saa kumi. Ugomvi wangu ni na waliomwiga Shrigley bila Shrigley. Walioona ule waridi wakadhani siri ni rangi.

Hao wako kwetu tele. Si unaujua ule ukuta? Majani ya plastiki, waridi za plastiki, na katikati sentensi ya Kiingereza kwa taa za neon inayokuambia wewe ni mrembo au maisha ni matamu. Umepigiwa picha hapo. Nami nimepigiwa. Kila mkahawa unaofunguliwa kati ya Westlands na Karen unadhani umeuvumbua. Ukuta huo angalau ni mwaminifu: unasema kazi yake ni simu yako, hauna haja na macho yako.

Unaonikera ni ule mwingine. Mkahawa unajiita wa Kiswahili, au wa Pwani, au wa "Afrika ya kisasa", na ukutani wamechonga vishimo vya jipsam vyenye upinde juu, vimepangwa safu, kila kimoja na taa ya utepe ya LED na chombo kitupu ndani. Wanaviita zidaka. Menyu ina sentensi mbili kuhusu Lamu.

Zidaka ninazijua kwa heshima, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kwenye nyumba za mawe za Lamu, za karne ya 18 hasa, ukiingia unapita vyumba vilivyofuatana, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja cha siri zaidi, hadi unafika ndani kabisa. Huko ukuta mzima unaweza kuwa na zidaka: vishubaka vya chokaa juu ya mawe ya matumbawe, safu juu ya safu, vimechongwa kwa mkono na vya kwanza havilingani na vya mwisho, jicho linavutwa katikati. Ndani yake ziliwekwa bakuli na sahani za kaure kutoka China. Fikiria hilo dakika moja. Kwa watu wa Pwani, vyombo vya kulia vilikuwa ndiyo picha ya ukutani. Hata makaburi ya nguzo ya Mambrui yalitiwa bakuli za Kichina. Sahani ilikuwa imevuka bahari, imebeba jina la ukoo, la biashara na la wageni waliopokewa. Haikuhitaji fremu. Na wenyeji wa nyumba walijua kila bakuli limetoka wapi na limeletwa na nani.

Basi wale wabunifu wa New York waliopeleka sahani makumbusho 1959 hawakugundua jipya. Kuna fundi wa Lamu aliyewatangulia miaka 200. Na nakala zetu za jipsam zimebeba umbo zikaacha maana, maana kishubaka bila chombo chenye habari ni shimo lenye bili ya stima. Ingawa, tuwe wakweli, angalau chombo bado kinatoka China.

Unaweza kuuliza, kwani inadhuru nini? Watu wanakula, wanafurahi, wanaondoka. Nijibu kwa mahali ninapopajua.

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma, nilifanya kazi ya uweita miezi kumi na moja kwenye mkahawa wa kifahari magharibi mwa jiji. Jina lake tuliache. Nyuma ya meza ya sita palikuwa na mchoro wa mita mbili: stage ya matatu jioni, mvua inanyesha, miavuli, watu wasio na nyuso, na kwenye kona mtungi wa njano wa plastiki uliokuwa unang'aa kuliko taa zote za magari. Ilikuwa kazi nzito. Si nzito kwa bei. Nzito kwa maana ukikaa nayo inakukalia.

Haikuwa mali ya mkahawa. Mchoraji aliiazima hapo kwa ahadi tunayoijua wote: hatulipi, lakini utajulikana. Wanaokula hapa ni mabalozi, ni wakurugenzi, mmoja tu akiipenda umeinuka. Sasa tazama jinsi chumba kilivyoitimiza ahadi hiyo. Mbunifu wa ndani alileta kiti kirefu cha ngozi, cha kushonewa vifungo, akakisukuma hadi ukutani. Mgongo wa kiti ulifunika sehemu ya chini ya mchoro, pamoja na kona ya kulia. Kona ya kulia ndipo palipokuwa na sahihi. Hakukuwa na kibandiko wala kadi. Na sisi maweita tulipewa jibu la kukariri: akiuliza mteja, sema ni msanii wa hapa.

Kwa miezi kumi na moja waliouliza hawakuzidi kumi. Mmoja namkumbuka, mama mtu mzima aliyekuja na wajukuu.

"Kijana, hii ni ya nani?"

"Ni msanii wa hapa, madam."

"Hapa wapi? Kenya ni kubwa."

Sikuwa na jibu lililoruhusiwa. Aliinama nyuma ya kiti na miwani mkononi akitafuta jina, meneja akaja mbio kuuliza kama kuna kitu kimeanguka.

Ni nani aliyeiangalia picha ile, basi? Sisi. Weita wa mkahawa wa kifahari anasimama. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, chakula ni cha dakika chache. Unasimama mikono nyuma, mgongo kwa ukuta mmoja, macho kwa ukuta wa pili, saa nane. Ukuta wa pili ulikuwa wa meza ya sita. Mwezi wa pili nikaona kwamba nyuma ya ule mtungi wa njano kuna mtu wa sita, mtoto, amechorwa kwa rangi ileile ya lami, anaonekana tu ukiwa umesimama karibu na mlango wa jikoni. Jamaa aliyekuwa akiosha vyombo alikuwa ameshamwona kitambo. Tulibishana hadi tukachoka kuhusu ni stage gani.

"Hiyo ni Railways."

"Railways gani, buda? Angalia hiyo mteremko. Hiyo ni Muthurwa."

"Muthurwa haina taa kama hizo."

"Ndiyo maana amechora mvua. Ufikirie ziko."

Huo ulikuwa uhakiki. Haukuchapishwa popote, ulifanyika kwenye ujia wa jikoni tukiwa tumebeba trei, na ulikuwa bora kuliko nusu ya yanayosemwa kwenye ufunguzi wa maonyesho hapa jijini. Kuna simulizi kwamba Rothko mwanzoni alidhani wafanyakazi nao wangeweza kuiona michoro yake kupitia milango. Wengi wanaitaja kama ujinga wake. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya pekee aliyokuwa sahihi kuhusu mikahawa. Alitaka mtu wa kukaa na picha muda mrefu, kimya, asiye na njia ya kutoka. Mtu huyo alikuwepo Park Avenue kila siku, amevaa koti la sare, anasubiri mezani wamalize. Rothko alikuwa anachora kwa ajili ya kumtesa mteja; angechora kwa ajili ya weita.

Michoro yenyewe iliendelea na safari. Tisa alizipa Tate ya Uingereza, zikafika London tarehe 25 Februari 1970, siku ileile alipopatikana amefariki studioni kwake New York. Siku hizi zina chumba chao na mwanga hafifu, kama alivyotaka. Nyingine ziko Washington na nyingine zilikwenda Japani. Nimeziona kwenye skrini ya simu tu, na hata huko, mwanga ukiwa mdogo, zinakunyamazisha. Hakika zilihitaji chumba cha namna hiyo. Sitaki mkahawa uwe Tate. Sitaki mtu anyamaze akila. Nchini Ufaransa, Saint-Paul-de-Vence, kuna La Colombe d'Or, ambapo unakula chini ya kazi za Léger na Braque, na watu wanachekea mkate wao bila kuomba ruhusa. Wachoraji walikuwa wageni wa nyumba, walijulikana kwa majina na kwa walichopenda kunywa. Ukuta wenyewe ulikuwa na urafiki nao.

Kwetu urafiki huo ndio unaokosekana, na hauhitaji hata pesa nyingi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 32, inampa mtunzi haki ya kudai atambuliwe kuwa kazi ni yake. Marekebisho ya 2019 yakaongeza kwamba kazi ikiuzwa tena na wafanyabiashara wa sanaa, msanii apate asilimia 5. Karatasi zipo. Lakini hakuna kifungu kinachohusu mgongo wa kiti. Hakuna sheria ya kumwambia mbunifu wa ndani kwamba kabla hujaamua urefu wa kochi, uliza sahihi iko wapi. Hilo ni swali la kazi tu, kama kuuliza soketi iko wapi, na mbunifu ambaye huliuliza la soketi bila kusahau anajua kabisa kwa nini haulizi la pili.

Sipendekezi wachoraji wakatae. Rothko aliweza kurudisha zile dola kwa kuwa 1959 alikuwa tayari ni Rothko. Mchoraji wa Nairobi mwenye turubai ya mita mbili kwenye chumba cha bedsita anamshukuru yeyote mwenye ukuta, maana nyumbani hata kitanda kimesimamishwa wima ili picha ipite. Ninachotaka ni bili. Iandikwe kama vitu vingine. Wanakodi mimea, ulijua hilo? Ile miti ya kijani mlangoni inakodishwa kwa mwezi, na kuna mtu anakuja kuifuta majani. Mtungi wa gesi unalipiwa, muziki unalipiwa, mimea inalipiwa. Kisha panakuwa na mchoro wa mita mbili, kitu pekee ndani ya chumba kilichotengenezwa na mtu mmoja kwa miezi, nacho ndicho kinachofanya kazi bure.

Nilipoondoka bado kilikuwa pale. Baadaye walibadilisha muonekano, nikasikia meza ya sita sasa ina ukuta wa majani ya plastiki. Mchoro ulirudishwa kwa mwenyewe na doa la mafuta kwenye mwavuli mmoja na mkwaruzo mrefu pale kiti kilipokuwa kikigusa. Hayo nimeyapata kwa yule jamaa wa vyombo, ambaye ndiye aliyesaidia kuubeba hadi kwenye pikapu, na ndiye aliyeisoma sahihi kwa mara ya kwanza. Aliniambia jina kwa simu, polepole, herufi kwa herufi.

Siku hizi nakula kibandani karibu na ninapoishi. Mabati matatu, benchi mbili. Kwenye bati la mbele kuna tilapia aliyechorwa, mkubwa kuliko mlango, jicho moja linakutazama popote ulipo, na pembeni yake ugali wenye kivuli kinachoelekea upande usiofuata jua lolote. Kona ya chini kulia kuna jina la mchoraji na namba yake ya simu, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nilimuuliza mama mwenye kibanda alilipa ngapi.

"Nusu pesa, nusu chakula," akasema, akigeuza samaki. "Na bado ananidai wawili."